Kuanza Kusoma Biblia kwa Makini: Kitabu Kimoja, Kizima, Tena na Tena

NEEMA: Bwana Yesu asifiwe, wasikilizaji wetu, na kwa ndugu zetu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo. Leo mimi na Kaka Ignas tumekusudia kuzungumzia jambo moja tu, nalo ni namna mtu ambaye hajawahi kuisoma Biblia kwa utaratibu anavyopaswa kuanza, ikiwa anataka kuisoma kwa makini na si kuonja mstari mmoja asubuhi kisha akafunga kitabu. Wanaotuuliza swali hili karibu wote wanaeleza safari ileile: wanaanza Mwaka Mpya na kitabu cha Mwanzo, wanafurahia habari za Ibrahimu na Yusufu, wanavuka bahari pamoja na Musa, na ifikapo Februari wameacha.

IGNAS: Milele na milele, amina. Mahali wanapoachia panajulikana, Dada Neema. Kuanzia sura ya 25 ya kitabu cha Kutoka masimulizi yanasimama, na yanaingia maagizo ya kujenga maskani, yaani hema la ibada la Waisraeli, pamoja na vipimo vya mbao, mapazia na vitako vya fedha. Baada ya hapo kinafuata kitabu cha Mambo ya Walawi, chenye sura 27 zilizojaa sheria za sadaka na utakaso. Msomaji mpya anapochoka hapo hujilaumu na kudhani kwamba imani yake ni haba, ilhali hakuna aliyemweleza kwamba ameshika mkusanyiko wa vitabu, 66 katika Biblia wanayotumia Waprotestanti na 73 katika ile ya Wakatoliki, na kwamba mpangilio wa vitabu hivyo haukuwekwa kwa ajili ya kumwongoza anayeanza. Nyaraka za Paulo, kwa mfano, zimepangwa kwa kiasi kikubwa kufuata urefu wake, ndiyo maana Warumi uko mbele na Filemoni, wenye sura moja tu, uko mwisho.

NEEMA: Basi aanzie wapi?

IGNAS: Mimi humwelekeza kwenye Injili ya Marko. Ina sura 16, ni fupi kuliko Injili nyingine tatu, na wataalamu wengi wanaona kwamba ndiyo iliyotangulia kuandikwa, pengine karibu na mwaka 70. Sharti langu ni moja: aisome yote kwa mkao mmoja, jioni moja au Jumapili alasiri, bila kusimama kutafuta maelezo, na ikiwezekana aisome kwa sauti.

NEEMA: Hilo la kusoma kwa sauti ninaliunga mkono kabisa, maana watu wengi wa karne ya kwanza walizipokea habari hizi kwa masikio. Kitabu cha Ufunuo, katika sura ya kwanza mstari wa 3, kinamtaja kwa heri yule asomaye pamoja na wale wasikiao, nasi tunaona hapo msomaji mmoja aliyesimama mbele ya kusanyiko. Anayesoma kwa sauti hawezi kuruka maneno, na tena ataisikia kasi ya Marko, jinsi Yesu anavyotoka mahali pamoja kwenda pengine karibu bila kupumzika mpaka anapofika Yerusalemu, ambako simulizi linapunguza mwendo na siku zake za mwisho zinaelezwa kwa kina.

IGNAS: Na msomaji asitarajie kuelewa kila kitu katika usomaji huo wa kwanza. Kazi yake ni kuufahamu mwili mzima wa kitabu, kinaanzia wapi, kinageuka wapi, na kinaishia wapi. Makini yenyewe huanza katika usomaji wa pili, anapokuwa na penseli na daftari.

NEEMA: Tuwaonyeshe kwa mfano, Kaka Ignas, kwa sababu tukisema tu «soma kwa makini» tutakuwa tumetoa agizo lisilo na njia.

IGNAS: Tuchukue sehemu inayoanzia sura ya 8 mstari wa 22 mpaka mwisho wa sura ya 10. Mwanzoni mwake yupo kipofu wa Bethsaida, ambaye Yesu anamgusa mara mbili: baada ya mguso wa kwanza anaona watu kama miti inayotembea, na baada ya wa pili anaona sawasawa. Mwishoni mwake yupo kipofu mwingine, Bartimayo, kando ya barabara pale Yeriko. Katikati ya vipofu hao wawili Yesu anawaambia wanafunzi wake mara tatu kwamba atakufa na kufufuka, katika 8:31, 9:31 na 10:33, na kila mara wao wanaonyesha kwamba hawajaelewa. Mara ya kwanza Petro anamkemea. Mara ya pili wanabishana njiani nani aliye mkubwa. Mara ya tatu Yakobo na Yohana wanaomba viti vya kulia na kushoto.

NEEMA: Na Petro ametoka kusema muda mfupi tu uliopita kwamba Yesu ndiye Kristo. Anaona, lakini anaona kama yule mtu aliyeguswa mara moja.

IGNAS: Naam. Lakini lipo jambo ambalo huonekana pale tu mtu anaposoma sehemu nzima kwa pamoja. Yesu anawauliza Yakobo na Yohana wanataka awafanyie nini, nao wanaomba utukufu. Mistari michache baadaye anamuuliza Bartimayo swali lilelile, naye anaomba kuona, na akiisha kuponywa anamfuata Yesu njiani, katika njia ile ile inayoelekea msalabani. Mwandishi hakutuambia, «Linganisheni watu hawa.» Ameweka maswali mawili karibu karibu na akamwachia msomaji kazi ya kuyasikia. Mtu anayesoma habari ya Bartimayo peke yake, kama somo la siku, atapata muujiza wa uponyaji, na hilo si dogo, ila hatasikia jinsi muujiza huo unavyowahukumu wanafunzi waliokuwa na macho.

NEEMA: Ndiyo maana ninasikitika ninapoona jinsi tulivyozoea kuishi kwa mistari iliyokatwa. Tunaikuta kwenye kalenda, kwenye vitenge vya kwaya, nyuma ya daladala na bodaboda, na siwalaumu walioiandika, kwa sababu wengi wameiandika kwa upendo. Lakini namba za mistari tunazozitumia katika Agano Jipya ziliwekwa na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551, na mgawanyo wa sura tulio nao ni kazi ya karne ya 13. Paulo hakuandika mistari. Anayedai kwamba anamjua Paulo kwa mstari mmoja ni kama mtu aliyesikia ubeti mmoja wa utenzi akasema ameusikia utenzi.

IGNAS: Wafilipi 4:13 ni mfano ulio wazi.

NEEMA: «Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu.» Mstari huu husomwa kama ahadi ya kushinda mtihani, kupata kazi, au kufanikiwa katika biashara. Lakini mtu aliyeuandika yuko kifungoni, kama anavyoeleza katika sura ya kwanza, na katika mistari inayotangulia anasema kwamba amejifunza kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. «Mambo yote» anayoyaweza ni pamoja na njaa. Kwa mama anayelea watoto kwa kipato kisichotosha, nadhani maana hiyo inambeba zaidi kuliko ile ya ushindi, kwa sababu haimwambii kwamba umaskini wake ni dalili ya imani haba.

IGNAS: Yeremia 29:11 nayo inahitaji uangalifu uleule. Mstari ule wa mawazo ya amani na tumaini umo katika barua ambayo nabii aliwapelekea watu waliochukuliwa mateka kwenda Babeli, na mstari unaoutangulia unawaambia kwamba miaka 70 itapita kwanza. Wengi wa watu wazima walioipokea barua ile wasingeuona mwisho wa miaka hiyo. Msomaji akirudi nyuma sura moja tu, atamkuta Hanania, nabii aliyewatangazia watu kwamba mateka watarudi ndani ya miaka miwili, na Yeremia ndiye aliyempinga. Kwa hiyo barua hii iliandikwa kupambana na tumaini la haraka. Inawaagiza mateka wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuolewa, na wauombee amani mji ule walikopelekwa. Ninaona uchungu kwamba mstari wa barua hiyo hiyo ndio unaotumika leo kuwaahidi watu muujiza kabla ya mwisho wa mwezi.

NEEMA: Twende kwenye Agano la Kale basi, maana msikilizaji anaweza kudhani kwamba tunamwambia aliache.

IGNAS: La, hasha. Ninachosema ni kwamba Marko mwenyewe atampeleka huko. Katika Biblia nyingi kuna marejeo yaliyochapwa pembeni au chini ya ukurasa, na katika usomaji wa tatu ndiyo ayafuate. Afikapo 15:34, ambapo Yesu analia akiuliza mbona Mungu wake amemwacha, marejeo yatamwelekeza kwenye Zaburi ya 22, na ninamsihi asitazame mstari wa kwanza pekee. Aisome zaburi yote. Atakuta humo watu wanaotikisa vichwa kwa dhihaka na watu wanaogawana mavazi kwa kura, mambo ambayo Marko ameyasimulia pale msalabani. Na atakuta kwamba kuanzia mstari wa 22 kilio kinageuka kuwa sifa katikati ya kusanyiko.

NEEMA: Hapo nina angalizo, Kaka Ignas. Nimewasikia wahubiri wakiutumia mwisho wa zaburi ile kufuta kilio cha mwanzo wake, kana kwamba Yesu alikuwa anakariri tu shairi lenye mwisho mwema. Marko hakuandika mistari ya sifa pale msalabani, aliandika kilio. Msomaji makini anapaswa kuyashika yote mawili, asitumie zaburi kumnyamazisha mwinjili.

IGNAS: Ninalipokea. Zaburi inatufundisha kwamba kilio cha namna ile kina nafasi ndani ya sala, lakini haitupi ruhusa ya kukipita mbio.

NEEMA: Kuhusu toleo la kusoma, nitasema kwa ufupi. Toleo la Muungano la mwaka 1952 ndilo ambalo wengi wetu tumelelewa nalo, na Kiswahili chake kina uzito na mapigo yanayokaa kichwani, ila sentensi zake nyingine humchosha kijana wa leo. Biblia Habari Njema ina lugha nyepesi zaidi, na iliandaliwa kwa ushirikiano wa Waprotestanti na Wakatoliki. Mwenye nafasi asome moja na aweke nyingine kando, na pale zinapotofautiana sana aandike alama katika daftari, kwa kuwa hapo kwa kawaida pana jambo linalohitaji kuulizwa.

IGNAS: Na kuulizwa kwenyewe kunahitaji watu. Katika Matendo ya Mitume sura ya 8, Filipo anamkuta ofisa wa Kushi akiwa garini, anasoma kitabu cha nabii Isaya, tena kwa sauti, maana Filipo anamsikia. Filipo anamuuliza kama anaelewa, naye anajibu kwamba hawezi kuelewa asipoongozwa na mtu. Alikuwa mtu mkubwa, msimamizi wa hazina yote ya malkia wake, lakini hakuona aibu kukiri hivyo. Katika jumuiya ndogo ndogo zetu na katika vikundi vya usharika kuna nafasi ya kufanya jambo lilelile, ikiwa tutakubali kusoma sura nzima na kuulizana maswali, badala ya kila mtu kusema tu mstari ulivyomgusa.

NEEMA: Mstari kumgusa mtu si vibaya.

IGNAS: Si vibaya hata kidogo, mradi swali la «maandiko yanasema nini» litangulie swali la «yananiambia nini mimi». Vitabu vya ufafanuzi navyo vije baada ya hapo. Anayevifungua mapema mno atasoma mawazo ya mwingine, kisha ataona katika Biblia yale tu aliyoambiwa ayaone.

NEEMA: Vipi kuhusu mahali panapomkwaza msomaji? Nina maana ya mahali kama Marko 7:27, ambapo Yesu anamwambia mwanamke Msirofoinike kwamba si vizuri kuwatupia mbwa chakula cha watoto.

IGNAS: Asijilazimishe kupata jibu siku hiyo hiyo, wala asiruke. Aandike swali lake kama lilivyo, kwa uchungu wake wote. Kisha atazame jinsi simulizi linavyoendelea: mwanamke yule anajibu, haondoki, na Yesu anamwambia kwamba kwa ajili ya neno lake hilo binti yake amepona. Swali linaweza kubaki hata baada ya hapo, na ninawaheshimu wasomaji wanaokaa nalo kwa miaka katika sala, kuliko wanaolifunika kwa maelezo ya haraka.

NEEMA: Mahali pengine ni mwisho wa kitabu hicho cha Marko. Matoleo mengi yana alama au maelezo karibu na 16:9, kwa sababu hati mbili za kale zenye sifa kubwa, zile za Sinai na Vatikano, zote za karne ya nne, zinaishia mstari wa 8, ambapo wanawake wanakimbia kutoka kaburini wakiwa na hofu, wasimwambie mtu neno. Ningependa msomaji ayasome maelezo hayo bila wasiwasi, kisha aisome Injili mara moja akiishia mstari wa 8, na ajiulize kwa nini mwandishi angeweza kumwacha msikilizaji wake pale kaburini, akiwa na habari ambayo bado haijatangazwa.

IGNAS: Akiisha kukaa na Marko kwa miezi michache, aende kwa Luka, kisha aunganishe moja kwa moja na Matendo ya Mitume, kwa kuwa vitabu hivyo viwili vimeandikwa kwa mtu mmoja, Theofilo, na cha pili kinaanza kwa kukitaja cha kwanza. Katika Biblia zetu Injili ya Yohana imewekwa katikati yao, kwa hiyo airuke kwa muda na aisome baadaye.