Ua Usilolijua: Tuanze kwa Kuhesabu, si kwa Rangi

Mabibi na mabwana,

Kuna swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote. Mtu alikuwa matembezini, akaona ua asilolijua, akalipiga picha kwa simu, kisha ananijia na kuuliza: "Hili la zambarau linaitwaje?" Picha yenyewe huwa nzuri, ua limeijaza yote, na hapo ndipo taabu inapoanzia, kwa kuwa majani hayaonekani, shina halionekani, na nyuma ya ua hapaonekani kabisa. Ninabaki na rangi peke yake, nayo ni shahidi asiyeaminika, kwani mimea ya spishi moja huweza kutoa maua meupe hapa na ya waridi hatua kumi mbele, na yako maua yanayogeuka rangi kadiri yanavyozeeka.

Hesabu haiyumbi kirahisi namna hiyo. Mwaka 1735 Linnaeus, mwanabotania wa Uswidi, aliigawa mimea yote katika madaraja 24, akitazama zaidi stameni, yaani vile vijiti vyembamba vinavyobeba chavua: ziko ngapi na zimekaaje. Mpango huo haukudumu, kwa sababu uliweka pamoja mimea isiyo na undugu, lakini mazoea ya kuhesabu yamebaki, na yanafaa hata kwa asiye na chombo chochote. Petali tatu, yaani yale majani ya rangi ya ua, pamoja na majani yenye mishipa inayokwenda sambamba, hutuelekeza kwenye monokotiledoni, yaani mimea ambayo mbegu yake huota na jani moja la kwanza. Petali nne zilizopangwa kama msalaba, zikiwa na stameni sita ambazo nne ni ndefu na mbili ni fupi, ni alama ya jamii ya kabeji. Mkiona stameni nyingi zimeungana kuwa mrija unaouzunguka mtindo wa ua, yaani shingo ya sehemu yake ya kike, mko kwa ndugu wa bamia na pamba. Shina la pembe nne lenye majani yanayokabiliana na ua la midomo miwili hunifanya nifikirie kwanza jamii ya mrehani, ingawa pembe nne peke yake haitoshi.

Hesabu nayo ina mtego wake, na mtego mkubwa ni alizeti na jamii yake. Kile tunachokiita ua la alizeti ni kichwa kilichokusanya mamia ya maua. Ukichomoa kimoja cha vile vijiti vya katikati na kukitazama kwa lenzi, utaona ua kamili lenye ncha tano ndogo, na ndilo linalozaa mbegu; ile "petali" ya manjano ya pembeni nayo ni ua zima, ila ni tasa. Anayehesabu petali hapo anahesabu maua bila kujua.

Sasa nitazame hili lililo mezani, nililoliokota kando ya njia asubuhi hii. Lina petali mbili za buluu zilizosimama kama masikio, na ya tatu ni ndogo iliyofifia, iko chini. Ni jenasi Commelina, jenasi ikiwa ni kundi la spishi zenye undugu wa karibu. Jina hilo ni kwa heshima ya akina Commelin, na Linnaeus alilieleza hivi: petali mbili kubwa ni wanabotania wawili wa ukoo huo, na ile ndogo ni wa tatu, aliyefariki kabla ya kufanya lolote katika fani hiyo. Ni utani mkali kidogo, lakini mtu akiusikia mara moja halisahau ua hili.

Lakini jenasi hii ina spishi nyingi, na kwa mbele zinafanana mno. Tugeuze ua. Chini yake kuna jani lililokunjwa kama bahasha, ambamo maua hutokea moja baada ya jingine. Kingo za bahasha hii zimeungana upande wa nyuma, ikawa kama faneli. Katika Commelina diffusa kingo hizo ziko huru. Pale jani linapolikumbatia shina pana vinyweleo vyekundu. Hii ni Commelina benghalensis, na tungechimba pengine tungekuta pia maua yake ya chini ya ardhi, yasiyofunguka, yanayojichavusha yenyewe.

Programu za simu zinazotambua mimea kwa picha ninazitumia, na sioni aibu. Hata hivyo hazioni ambacho hamkuzipa. Pigeni mmea mzima, jani pande zote mbili, ua kwa mbele, na ua kwa nyuma, mkiweka kidole kando yake kuonyesha ukubwa. Majibu yakigongana kwenye spishi lakini yakapatana kwenye jenasi, andikeni jenasi, mrudi mmea utakapozaa. Msichume palipo na mmea mmoja tu, wala msionje kitu.

Wenye lenzi wasogee mbele sasa. Ua hili huwa limenyauka na kuyeyuka kufikia mchana, na petali ya kushoto imekwisha kuanza kujikunja.