Kodi ya Miezi Sita na Meza Ishirini na Tano

KAKA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tunazungumzia ofisi ya pamoja, yaani ukumbi ambamo wahasibu, waandaaji programu, wafasiri na wengine wasio na ofisi zao hulipia meza kwa siku au kwa mwezi. Msikilizaji wetu wa Mwanza ametuandikia kwamba amepata nafasi katika ghorofa ya pili ya jengo lililo katikati ya mji, dalali anamhimiza atie saini kabla ya Ijumaa, naye anauliza aanzie wapi. Dada, wewe umeendesha ofisi ya namna hiyo Dar es Salaam kwa miaka minne. Utamjibu nini?

DADA: Ahsante, kaka. Nitamsihi asitie saini kwanza, apige hesabu. Tuseme kodi ni shilingi milioni 2 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka miezi sita mbele. Milioni 12 zimekwisha kutoka kabla hajanunua hata kiti. Umeme, intaneti, mlinzi na usafi, tuviwekee milioni 1.5 kila mwezi. Akiwa na meza 25 na kila moja akaitoza shilingi 200,000 kwa mwezi, inambidi apangishe meza 18 ili arudishe gharama za mwezi tu, bila yeye mwenyewe kupata chochote.

KAKA: Na siku anayofungua mlango, huenda hana mwanachama hata mmoja.

DADA: Hapo ndipo penye shida yenyewe. Mwenye nyumba amelipwa nusu mwaka, ilhali mwanachama anaweza kuja Jumatatu, akalipia siku moja, usimwone tena. Hata wakubwa wamekwama papo hapo. Kampuni ya WeWork ya Marekani, inayopangisha ofisi za pamoja, ilipotaka kuuza hisa kwa umma mwaka 2019, hati zake zenyewe zilionyesha kwamba ilikuwa imejifunga kulipa takriban dola bilioni 47 za kodi ya majengo kwa miaka ya mbele, wakati wateja wake walikuwa wamejifunga kuilipa takriban dola bilioni 4 tu. Mauzo yale hayakufanyika, na Novemba 2023 ikaomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi huko Marekani.

KAKA: Nami namkumbuka Brad Neuberg, aliyeanzisha utaratibu huu San Francisco mwezi Agosti 2005. Alikodi nafasi kwa dola 300 kwa mwezi, kwa siku mbili tu za wiki, na bado mwezi mzima wa kwanza hakuja mtu.

DADA: Lakini hasara yake ilikuwa dola 300, akaweza kuendelea. Sasa mtazame aliyeanza na watu. iHub ya Nairobi, ukumbi wa pamoja wa wanateknolojia, ilifunguliwa mwaka 2010 katika jengo la Bishop Magua, Barabara ya Ngong, na Erik Hersman pamoja na wenzake wa Ushahidi, shirika la teknolojia la Kenya. Wale watu walikuwa wakifahamiana tangu zamani, wakikutana na kuandika mitandaoni, wakati hawana hata chumba. Kwa hiyo ukumbi ulipopatikana, ulipata wenyewe. Ninaamini kwa dhati kwamba anayekodi jengo akitarajia meza nzuri zimletee watu ameanza kinyume.

KAKA: Tuseme watu wamepatikana. Ni nini kinachowafanya wabaki?

DADA: Nitakueleza jambo nililoliona kwa macho yangu. Alasiri moja umeme ulikatika, na kompyuta zote zikaendelea kuwaka kwa betri zake, lakini ruta, kile kifaa kinachosambaza intaneti, ikazima. Jenereta tulilokuwa nalo lilichukua dakika kumi hivi kuwashwa, kwa kuwa mlinzi alikuwa ameenda kununua mafuta. Dada mmoja aliyekuwa akifasiri mkutano wa moja kwa moja alibaki ameshika kipaza sauti, anatazama kioo kilichoganda. Hakugomba, alikusanya vitu vyake taratibu, na mwezi uliofuata hakulipia. Nilitumia fedha nyingi kwa jenereta, kumbe betri ndogo ya kuishikilia ruta peke yake ingemtosha yule dada. Tangu siku ile, kila ruta niliyoifunga ilikuwa na betri yake.

KAKA: Na kelele? Mimi kwenye ofisi za aina hiyo hushindwa na simu za jirani.

DADA: Kelele huondoa watu kimyakimya kuliko bei. Tenga chumba kidogo chenye mlango kwa ajili ya simu tangu siku ya kwanza, hata kama kitakula nafasi ya meza mbili, kwa sababu ukishazoesha watu kuzungumzia simu mezani, kuwakataza baadaye huzua ugomvi.

KAKA: Turudi Mwanza, kwa kuwa Ijumaa inakaribia.

DADA: Asome mkataba aone kama unamruhusu kupangisha watu wengine ndani ya eneo alilokodi. Mimi sikusoma kipengele hicho, na mwenye nyumba wangu alikuja kukitumia kuniongezea kodi katikati ya mkataba, nami sikuwa na la kujibu. Pili, aombe miezi mitatu badala ya sita, hata kama kodi itapanda kidogo. Na kabla ya yote hayo, aazime ukumbi wowote wenye intaneti kwa Jumamosi nne mfululizo, atoze kiingilio kidogo, aandike majina ya wanaokuja.

KAKA: Na dalali akimwambia kuna mteja mwingine anayeingojea nafasi hiyo?

DADA: Amwachie huyo mteja. Jumamosi ya nne ikifika, ahesabu ni wangapi kati ya wale wa kwanza wamerudi, na wangapi wako tayari kulipia mwezi mzima kabla mlango haujafunguliwa. Wakifika kumi, na aende akazungumze na mwenye nyumba akiwa na orodha hiyo mkononi.