Panya wa Krismasi ya 1994

Asante, mwenyekiti. Kaeni, kaeni. Ninyi mliosimama nyuma, huku mbele kuna viti vitupu. Sijui kwa nini wanafunzi huviogopa.

Nimeombwa nizungumzie safari ya kiutafiti ya James Allison, mtafiti Mmarekani wa kinga ya mwili; vipokezi vya seli T, yaani askari wa kinga katika damu; na saratani. Walionisikia kabla ya leo wanajua nitakakoishia, nao ruksa kusinzia. Nina ugomvi mmoja tu, na nimeubeba miaka mingi: ugomvi na watu wanaomwendea mtafiti katika mwaka wa pili wa mradi wake na kumuuliza, "Sasa hii inatibu nini?" Swali hilo nimeulizwa na kamati tatu. Ya tatu iliniuliza kabla sijavuta kiti.

Allison angejibu nini kama angeulizwa hivyo mwaka 1982? Alikuwa kwenye kituo cha utafiti Smithville, mji mdogo wa Texas, akihangaishwa na jambo moja: seli T huijuaje antijeni, ile alama ya kitu kigeni inayopaswa kukishambulia? Kila mtu alikubali kwamba lazima iwe na kipokezi, protini juu ya seli inayoshikana na alama hiyo. Hakuna aliyekuwa amekishika mkononi. Yeye akafikiri hivi: kama kila ukoo wa seli T una kipokezi chake, basi uvimbe uliotokana na seli T moja utabeba kitu ambacho seli T nyingine hazina. Akatengeneza kingamwili, protini ya kinga inayonasa kitu kimoja tu, ya kukisaka kitu hicho, akakipata, akakichapisha pamoja na wenzake wawili katika The Journal of Immunology. Uvimbe ulikuwa chambo tu. Hakuwa anautibu.

Najua kuna mtu ananung'unika pale: "Lakini Daktari, mama yake alikufa kwa limfoma, saratani ya seli za kinga, yeye angali mtoto. Si ndiyo ilimsukuma?" Ndiyo, mama yake alikufa kwa limfoma. Na kaka yake baadaye alikufa kwa saratani ya tezi dume. Mtu hasahau misiba kama hiyo. Lakini msichanganye kidonda cha mtu na mpango wake wa kazi. Allison mwenyewe amesema mara nyingi kwamba hakuingia maabara kutafuta dawa ya saratani. Alitaka kujua seli T zinafanyaje kazi. Huyu ndiye aliyekuwa mwanafunzi wa sekondari akakataa kusoma biolojia iliyofundishwa bila Darwin na nadharia yake ya mageuzi, akaisoma kwa njia ya posta. Mtu wa namna hiyo humpangii swali.

Haya, twende Berkeley, Chuo Kikuu cha California, alikohamia Allison. Hapa lazima niingize gari. Kila anayefundisha somo hili huingiza gari, mtanivumilia. Kipokezi cha seli T ni ufunguo wa kuwashia. Ukiwasha tu, gari linanguruma palepale lilipo. Kuna kipokezi kingine, CD28, ambacho ndicho cha kukanyagia mafuta. Halafu kuna CTLA-4, kipokezi cha tatu juu ya seli T. Wafaransa waliisoma jeni yake mwaka 1987. Inafanana na CD28 kama mtu na mdogo wake, tena inashikana na molekuli zilezile. Kwa hiyo watu wengi wenye akili zao wakahitimisha: hii nayo ni ya kukanyagia mafuta.

Kumbe ni breki. Max Krummel, mwanafunzi wa Allison, alitengeneza kingamwili ya kuiziba, na seli T zikaongezeka badala ya kupungua. Maabara ya Jeffrey Bluestone ilifikia jibu hilohilo kwa njia yake. Halafu wakazaliwa panya wasio na jeni hiyo kabisa, wakafa wakiwa na wiki tatu au nne, viungo vyao vimejaa seli zao wenyewe za kinga. Gari lisilo na breki. Nimemaliza na gari.

Sasa, ukishajua kuna breki, unaifanyia nini? Wengi waliona njia ya kuikanyaga zaidi, kwa ajili ya magonjwa ambayo kinga humshambulia mwenyewe. Wala hawakukosea: protini iliyoundwa kutokana na CTLA-4 iliidhinishwa Marekani mwaka 2005 kwa baridi yabisi. Allison yeye akauliza: je, tukiiachia?

Na hapa naomba dakika zangu, maana hiki ndicho kisa nilichokuja kukisimulia.

Mwisho wa mwaka 1994. Mtafiti mwenzake, Dana Leach, anawapandikiza panya uvimbe, kisha baadhi yao anawapa kingamwili ya kuziba CTLA-4. Anarudi na matokeo: waliopata kingamwili, uvimbe umeyeyuka. Wasiopata, uvimbe umeendelea. Si nusu kwa nusu, si "kuna dalili ya tofauti". Yaani huku upo, huku haupo.

Wewe ungefanyaje? Mimi, nawaambia kweli, ningempigia simu kila ninayemjua. Allison aliagiza jaribio lirudiwe papo hapo. Lakini ni Krismasi, na Leach ana safari. Basi wakakubaliana: Leach aandae panya, Allison mwenyewe abaki kupima. Na akaweka sharti: usiniambie kizimba kipi kimepata dawa. Mkuu wa maabara, sikukuu, peke yake na panya na kipimo cha kupimia uvimbe, tena hajui anachokipima. Wanafunzi wangu, mnaojua kabla ya kupima ni chupa ipi "inapaswa" kutoa jibu zuri, hapo nawasema ninyi.

Anapima. Uvimbe unakua. Anapima tena. Unakua. Vizimba vyote. Hakuna tofauti. Mtu anaanza kukata tamaa, anaanza kujiambia kwamba lile la kwanza lilikuwa bahati mbaya iliyovaa nguo za bahati nzuri. Halafu, baada ya siku kadhaa za kujikokota, baadhi ya uvimbe unasimama. Anapima: haujakua. Anapima: umepungua. Kwingine unaendelea kama kawaida. Uliopungua unazidi kupungua hadi unatoweka. Walipofungua siri ya vizimba, waliopona ndio waliopata kingamwili. Makala ilitoka katika Science mwaka 1996, ya Leach, Krummel na Allison.

Watu hukumbuka mwisho wa kisa hiki. Mimi naomba mkumbuke katikati. Kulikuwa na siku ambazo dawa ilikuwa inafanya kazi, na kila kipimo kilisema haifanyi. Kingamwili hii haigusi saratani. Inagusa seli T, na seli T huhitaji muda wa kuongezeka, kusafiri na kuingia kwenye uvimbe. Angeweka kipimo chini siku zile, leo nisingekuwa nimesimama hapa, na wengine pia wasingekuwa.

Mnafikiri tulijifunza? Hatukujifunza. Kampuni kadhaa kubwa hazikutaka hata kusikia. Hatimaye Medarex, kampuni ndogo, ikakubali, ikatengeneza kingamwili ya binadamu, ipilimumab. Wagonjwa wakaanza kuipata mapema miaka ya 2000. Madaktari wakaipima kwa kanuni za tibakemikali, dawa zinazoua seli za saratani moja kwa moja: baada ya wiki kadhaa, uvimbe umekua? Basi imeshindwa, mtoeni. Na baadhi ya wagonjwa hao uvimbe wao ulikuwa umevimba kwa sababu seli T zilikuwa zimeingia! Panya wa Krismasi walewale, safari hii wakiwa na majina na familia. Mwaka 2008 jaribio la dawa nyingine inayolenga kipokezi hichohicho lilisimamishwa njiani kwa sababu halikuonyesha faida mapema. Waliokuwa na ipilimumab walibadilisha kipimo: waliacha kupima uvimbe, wakahesabu nani bado yuko hai. Mwaka 2010 majibu yakatoka kwa wagonjwa 676 wa melanoma, saratani ya ngozi, iliyosambaa: muda wa kati wa kuishi, yaani ule ambao nusu ya wagonjwa huuvuka, ulikuwa miezi 10 hivi kwa walioipata, dhidi ya 6.4 kwa wasioipata. Machi 2011 ikaidhinishwa Marekani.

Miezi minne, mtasema, ndiyo kelele zote hizi? Mnapotoshwa na muda wa kati. Angalieni mkia wa mchoro wa waliobaki hai. Wagonjwa waliofuatiliwa baadaye walionyesha kwamba takriban mmoja kati ya watano alikuwa hai baada ya miaka mitatu, na kuanzia hapo mstari unalala, yaani idadi ya walio hai karibu haipungui. Unalala hadi mwaka wa kumi. Kwa ugonjwa ule, mstari uliolala ulikuwa kitu kigeni.

Na msiniletee "mvumilivu hula mbivu". Toka 1982 hadi 2011 ni miaka 29, na wengi walikufa mbivu zikingojewa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. PD-1, kipokezi kingine cha seli T, kwa haraka: Tasuku Honjo na wenzake Kyoto, 1992, walikuwa wakitafuta jeni zinazohusika na kufa kwa seli, ndiyo maana jina lake lina neno kifo: herufi D ni ya "death". Saratani haikuwemo. Ni breki ya pili, na dawa zake huvumilika zaidi. Tuzo ya Nobel ya 2018 wakagawana, Honjo na Allison. Madhara: utumbo, ini, tezi, kwa sababu breki iliyoachiwa haiachiwi kwenye uvimbe pekee, wenye wagonjwa wanajua. Saratani ya kongosho nilikuwa na slaidi nne, kwa nini seli T haziingii mle. Naziruka, na ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, kwa hiyo anayetaka anifuate mlangoni.

Maswali. Naona mkono kule. Kama ni lile la "inatibu nini", teremsha kwanza tuwasikie wengine.