Banda la Kuku la Kununua Hupimwa Usiku

Ndugu Mwenyekiti, wafugaji wenzangu, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumze juu ya mabanda ya kuku yanayouzwa yakiwa tayari, yale yanayopangwa kando ya barabara mbele ya karakana za maseremala, yenye miguu minne, paa la bati, dirisha la wavu na sanduku la kutagia lililochomoza ubavuni. Sisemi msiyanunue, kwa kuwa mimi mwenyewe ninalo moja, na kwa mtu mwenye uwanja mdogo asiye na nafasi ya kumsimamia fundi siku tatu ni uamuzi wa busara. Ninachosema ni kwamba banda la namna hii limeundwa kwanza libebeke kwenye pikapu na lipendeze machoni mwa mnunuzi anayelitazama saa nne asubuhi, ilhali kuku hulihitaji hasa usiku. Mchana kuku wetu wengi wako nje wakichakura. Giza likishaingia, kuku haoni vyema, hakimbii, na akivamiwa hana la kufanya ila kubana pale pale alipotua. Basi kila ubao na kila msumari wa banda hilo tuupime kwa saa za usiku.

Niliponunua langu niliambiwa linatosha kuku kumi. Wiki ya pili nilikuta mitetea wawili wamekufa ndani, mlango ukiwa umefungwa kama nilivyouacha. Mmoja hakuwa na kichwa, na wa pili alikuwa amenyofolewa bawa kupitia kwenye wavu. Aliyefanya hivyo sikumwona. Huenda alikuwa kicheche, huenda paka shume, lakini hakuhitaji kuingia: kuku walilala wakiegemea wavu, naye akiwa nje akawavuta kidogo kidogo kupitia matundu.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba wavu tunaouita wavu wa kuku, ule wa matundu ya pembe sita, kazi yake ni kumzuia kuku asitoke, wala si kumzuia adui asiingie. Waya wake ni mwembamba, mnyama mwenye meno makali huweza kuukata au kuutanua, na nyoka mdogo hupita bila shida. Mimi niliubandua wote nikaweka wavu wa chuma uliochomelewa, wenye matundu ya nusu inchi. Wavu wa kuanikia kahawa nao hufaa iwapo waya wake si mwembamba mno. Jambo ambalo watu hulisahau ni namna ya kuufunga. Wavu mzuri uliobanwa kwa pini ndogo kama za kubania karatasi hung'oka kwa msukumo mmoja, kwa hiyo tumia misumari ya U, kisha pigilia ukanda wa ubao juu ya kingo zake pande zote nne, ili meno au kucha zisipate pa kuanzia.

Adui mwingine ana mikono miwili, na huyo, kwa maoni yangu, ndiye anayetumaliza zaidi. Tazameni bawaba za mabanda haya. Mara nyingi zimekazwa kwa skrubu fupi za nusu inchi kwenye ubao laini, hata mwizi hana haja ya kugusa kufuli lako la bei mbaya. Huingiza ncha ya bisibisi chini ya bawaba, akaing'oa na mlango wake. Toa skrubu hizo, toboa ubao upande hadi upande, uweke bolti ambazo nati zake zinabaki ndani. Fanyeni hivyo hivyo kwenye mfuniko wa sanduku la kutagia, kwa sababu wengi hufunga mlango mkubwa kwa kufuli mbili na kuuacha mfuniko huo ukiwa umelala tu kwa uzito wake, na mkono mmoja ukipita hapo hufika hadi kwa kuku.

Chini ya banda kuna mambo mawili. Iwapo lina uwanja mdogo wa wavu unaogusa ardhi, tandaza wavu mwingine kuuzunguka kwa upana wa sentimita 30 hivi kuelekea nje, uufukie kwa udongo kidogo. Mnyama anayechimba huanzia ukutani, akakuta wavu chini ya kucha zake, na ni nadra akarudi nyuma ili aanze mbali. La pili ni siafu, ambao wakiingia usiku hawabakizi kifaranga. Simamisha kila mguu ndani ya kopo lenye oili chafu, na ufyeke majani yote yanayogusa banda, maana jani moja linatosha kuwa daraja. Oili hiyo iishie kwenye makopo. Nimeona watu wakiipaka hadi ndani ili kuzuia mchwa, na kuku wakashinda na manyoya yaliyogandamana.

Sasa nije kwenye joto, ambalo sisi wa ukanda huu hatulipi uzito wake. Joto la mwili wa kuku ni kama nyuzi 41, naye hana tezi za jasho. Hujipoza kwa kuhema mdomo wazi. Mabanda mengi ya kununua yameigwa kwenye michoro ya nchi za baridi, ambako shida ni kuhifadhi joto, na ndiyo maana yana dirisha moja tu, tena la mbele. Kata nafasi ndefu yenye upana wa kiganja juu kabisa ya kuta mbili ndefu, chini ya paa, uzibe kwa wavu ule ule wa nusu inchi. Hewa ya moto na harufu ya mavi inayowasha macho hutokea hapo, na upepo hupita juu ya vichwa vya kuku bila kuwapiga wakiwa wamelala. Kisha geuza banda ili kuta hizo ndefu zitazame kaskazini na kusini. Jua la asubuhi na la jioni litapiga ncha fupi tu, nanyi mtapata upepo wa kusi katikati ya mwaka na wa kaskazi mwishoni na mwanzoni mwake. Juu ya bati niliweka paa la pili la makuti, nikaliinua kwa fito kiasi cha shubiri moja ili hewa ipite kati. Panya hupapenda mahali hapo, kwa hiyo kila Jumamosi napamulika.

Fito za kulalia nitazitaja kwa ufupi. Ubao wa mbili kwa mbili, kingo zikiwa zimepigwa randa, humfaa kuku kuliko mti mwembamba, na uwe juu kuliko viota, la sivyo watalala kwenye viota na mayai yatachafuka. Sakafuni weka maranda au pumba za mpunga, msiweke vumbi laini la mbao, kwani huingia puani. Na banda lolote halizuii kideri, ule ugonjwa wa kuku uitwao pia mdondo. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa hapa hapa Kibaha, ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu.

Mkimaliza, subirini giza, wekeni taa ndani ya banda kabla hamjaingiza kuku, mfunge kila kitu, kisha mlizunguke polepole. Popote mwanga unapotoka pasipo wavu, tena kwa upana unaopitisha kidole, hapo pana kazi bado. Mimi siku ile niligundua kwamba trei ya mavi, ile inayovutwa kama droo, iliacha mwanya wa vidole vitatu nyuma yake, na nilikuwa nimepita mbele yake mwezi mzima.

Banda langu lina mita moja na robo hivi za mraba. Kwa kuku wanne kwa kila mita, linalaza watano, wala si kumi. Mtetea wa sita nilimpa jirani.