Kabla ya Fedha, Tapeli Huomba Siri

Shikamooni wazee wangu, nanyi wanangu mliowasindikiza, karibuni. Nazungumzia utapeli unaofanyika mtandaoni kwa jina la mapenzi, na naomba kwanza tuiondoe dhana iliyozagaa kwa vijana, kwamba anayelizwa ni mzee asiyejua simu au mwenye tamaa. Mwaka 2022 pekee, Tume ya Biashara ya Marekani, inayopokea malalamiko ya walaji, ilipata taarifa za watu karibu 70,000 wa rika mbalimbali waliotapeliwa hivyo, na hasara waliyoitaja ilifikia dola bilioni 1.3. Idadi hiyo haiwezi kuwa ya wajinga watupu.

Tapeli hupenda kujitambulisha kuwa mhandisi kwenye mitambo ya mafuta baharini, au daktari wa jeshi aliyepelekwa mbali, tena mgane mwenye binti mmoja. Kazi hizo hazichaguliwi ovyo, kwani zinaeleza kwa nini hamwezi kuonana, kwa nini mtandao hukatika na kwa nini fedha zake zimezuiliwa. Kwa wiki nyingi haombi kitu. Husalimia alfajiri, huuliza kama dawa ya presha imenywewa, hukumbuka tarehe aliyofariki mwenzi wako. Mzee ambaye watoto humpigia Jumapili kwa dakika mbili, na moja ya hizo ni ya kuuliza kama fedha imefika, amepata mtu wa kumsikiliza. Kisha huja ombi la kwanza, nalo si la fedha: “Usiwaambie watoto kwanza, hawatatuelewa.”

Ndiyo maana mtoto anayevamia na kusema, “Mama, huyo tapeli, unatuaibisha,” huwa anatimiza utabiri wa tapeli mwenyewe. Mama atafuta ujumbe na kuendelea kimya kimya. Ushauri wangu ni kwamba ubishi juu ya mapenzi uachwe, mazungumzo yahamie kwenye malipo. Akisema mpenzi wake ametuma zawadi iliyokwama forodhani, muulize kwa upole ni namba gani ya kulipia aliyopewa, kwa sababu Tanzania ushuru wa forodha hulipwa serikalini kwa kumbukumbu namba ya malipo, haulipwi kwenye laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu. Swali hilo halimvunjii heshima, na jibu lake anaweza kulithibitisha mwenyewe.

Wapo wanaoshauri kwamba dawa ni kudai simu ya video. Zamani ilisaidia kidogo. Oktoba 2024 polisi wa Hong Kong walitangaza kukamata watu 27 wa genge lililotumia sura bandia za kompyuta katika mapenzi ya mtandaoni, na fedha zilizochukuliwa zilikadiriwa kuwa dola milioni 46 za Marekani. Anayeandika maneno hayo matamu pia huenda si mwenye biashara hiyo ya utapeli. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza mwaka 2023 kwamba watu wapatao 120,000 nchini Myanmar, na wengine 100,000 hivi Kambodia, huenda wanashikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni, na vijana wa Kenya ni miongoni mwa waliookolewa Myanmar.

Kwa wastaafu waliopokea mafao yao ya mkupuo, napendekeza mapatano yanayofanywa mapema, kabla hajatokea mpenzi yeyote: fedha ikizidi kiasi fulani, haitumwi siku hiyohiyo, na mtu mmoja anayeaminika, hata akiwa jirani, anaambiwa. Kunyang'anya simu ni kumrudisha mzee kwenye upweke uleule. Mkali zaidi nitakuwa juu ya ombi la kupokea fedha kwenye akaunti yako ili uzipeleke kwingine, maana hapo aliyetapeliwa anaweza kuhojiwa na polisi kwa utakatishaji fedha.

Kama fedha imeshatumwa, piga simu mara moja kwa benki au kampuni ya simu, usifute ujumbe wowote, toa taarifa polisi, na hapa Tanzania namba ya tapeli itumwe kwenda 15040. Baada ya siku chache anaweza kupiga mtu anayejiita wakili au mpelelezi, akidai ada kidogo ili akurudishie fedha zote. Huyo msimlipe, kwa kuwa mara nyingi ameipata namba yenu kutoka kwa tapeli wa kwanza.