Kuchagua TV ya chogo kwa gemu za zamani: nenda dukani na konsoli yako

Karibuni. Leo tunachagua TV ya kuchezea gemu za zamani: Sega, Super Nintendo, PlayStation ya kwanza na ya pili, na zile konsoli za kaseti zinazouzwa mitaani. Hapa mezani kuna Mega Drive, konsoli ya Sega, kaseti moja, pedi na waya wa AV, yaani wa picha na sauti. Hivi ndivyo vitu vya kubeba ukienda kutafuta TV Owino au Katwe hapa Kampala, au kwa fundi wa mtaani kwenu. Usiende mikono mitupu. Muuzaji atakuonyesha mpira kwenye dekoda na picha itapendeza, lakini dekoda haikuonyeshi TV itafanya nini ikiletewa gemu.

Kwa nini chogo? Nyingi ya konsoli hizi hutoa picha ya mistari 240 hivi, na TV ya chogo huichora papo hapo inapoingia. Skrini bapa lazima kwanza iipanue, na nyingi huidhani ni picha ya mistari 480 iliyogawanywa nusu mbili. Unabonyeza kuruka, mchezaji anaruka baadaye. Kivuli kinachopepesa chini ya mchezaji nacho hupotea au hukatika vipande. Na kama una bastola ya Duck Hunt, ile gemu ya kupiga bata, hapo hakuna mjadala: inasoma mwanga wa tyubu, yaani kioo kikubwa cha TV ya chogo, kwenye skrini bapa hailengi kitu.

Haya, tuigeuze tuone mgongo. Polepole. Upande huu wa nyuma, ndani, ndiko iliko shingo ya tyubu. Ni kioo chembamba. Ikigongwa ikapata ufa, hewa inaingia na tyubu imekufa, hakuna fundi wa kuifufua. Kwa hiyo TV isiegemezwe kwa mgongo, wala usiruhusu mtu aisukume kwa nyuma. Nitalirudia hili tukifika kwenye kubeba.

Kuna kibandiko hapa... ngoja kamera ishike... sawa, kinasomeka. Angalia mambo mawili. La kwanza ni umeme: 220–240V, au 110–240V, zote sawa kwa Uganda. Ikiandikwa 120V peke yake ni ya Marekani, usiichomeke ukutani. La pili ni mifumo ya rangi. PAL utaikuta karibu kila mahali. Unachotafuta ni NTSC 3.58 pembeni yake, kwa sababu konsoli za Marekani na Japani hutumia hiyo. TV isiyokuwa nayo mara nyingi itakupa gemu nyeusi na nyeupe, au picha itakayokuwa inapanda tu bila kutulia.

Mimi naipenda sana hiyo NTSC. Gemu nyingi za PAL huenda kwa hezi 50, yaani picha 50 kwa sekunde, badala ya 60, na ambazo hazikurekebishwa hupungua kasi. Sonic ya kwanza, ya mwaka 1991, kwenye Mega Drive ya PAL hata muziki wake unakokota. Ukiisikia kwa hezi 60 hutaki kurudi nyuma.

Matundu. Njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti. Chomeka plagi ya njano uitikise kidogo. Picha ikikatika, tundu limelegea. Fundi analichomelea upya kwa dakika chache, ila punguza bei kwanza. TV zilizotoka Ulaya huwa na tundu pana la SCART, na ukipata waya wa RGB wa konsoli yako, unaopeleka nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake, chukua hiyo bila kusita. Rangi nyekundu haivuji tena pembeni.

Zile konsoli za kaseti wengi huziunganisha kwa waya wa antena. Angalizo moja: TV iliyotengenezwa kwa Uingereza pekee hutumia PAL I, na konsoli za hapa kwetu hufuata PAL B/G, ambayo hupeleka sauti kwa masafa tofauti. Picha itakuja safi, sauti itakuwa mvumo mtupu. Haijaharibika. Hamia kwenye AV tu.

Sasa kuwasha. Mwombe muuzaji kwa heshima: “Fundi, naomba tuiwashe ikiwa baridi.” Kama imewaka tangu asubuhi, huoni ugonjwa wake. Tyubu iliyochoka huchelewa kuleta picha, na ikija huwa imepauka kama chai iliyoongezwa maji, au ina wekundu unaoondoka taratibu. Ukisikia tak-tak-tak ya cheche ndani, umeme mkubwa unavuja. Ondoka.

Haipokei AV? Rimoti imepotea, ndiyo maana. TV nyingi, ukiwa chaneli ya 1 ukashuka chini, unaangukia AV. Hii hapa imekubali.

Mnaona mkanda mweusi unaopanda kwenye skrini? Hiyo ni kamera, si TV. Nipeni sekunde... nimeweka shata 1/50. Umetulia. Na ninyi mkitumiwa video na muuzaji msiihukumu TV kwa mkanda huo.

Weka gemu yenye mandhari nyeupe. Tazama pembe zote nne. Doa la kijani au zambarau kwenye pembe ni sumaku, mara nyingi spika iliyokaa karibu. TV ikiwashwa ikiwa baridi, hutoa mngurumo mfupi, nnng. Hapo inajisafisha sumaku. Lakini ukizima na kuwasha papo hapo haijisafishi vizuri, maana kipande kinachoendesha kazi hiyo kinahitaji kupoa. Zima, subiri nusu saa, washa tena. Doa likibaki, fundi ana koili ya kulifuta.

Kisha tafuta maandishi meupe, mfano alama za juu za gemu. Herufi zikiwa na kingo nyekundu upande mmoja na bluu upande mwingine, miale mitatu ya rangi ndani ya tyubu haikutani. Kidogo pembeni, vumilia. Katikati, hapana. Angalia pia nembo ya chaneli iliyojichora kwenye kioo baada ya miaka ya taarifa ya habari. Hiyo haitoki. Picha yote ikijikunja kuwa mstari mmoja wa kulala, usikimbie. Mara nyingi ni IC ya wima, kipande kinachotandaza picha juu na chini, au maungio yaliyokauka, na hutengenezeka.

Ukiona 100Hz imeandikwa mbele, iache hata kama ni nzuri ya macho. Inahifadhi picha kwenye kumbukumbu kabla ya kuionyesha, kwa hiyo ucheleweshaji umerudi na bastola haifanyi kazi.

Ukubwa: inchi 21. Inchi 14 ni tamu kwa mtu mmoja, na 29 hufika kilo 40 na zaidi.

Kubeba, ndipo TV nyingi nzima hufia. Kioo kiangalie kifua chako, kwa sababu uzito wote uko mbele. Boda hapana. Hata akikuhakikishia, hapana. Kodi gari, tandika blanketi kwenye kiti cha nyuma, laza TV kwa uso, kioo chini. Shingo inabaki juu, haigusi kitu. Na mzigo mwingine usiwekwe juu yake: shingo, jamani, shingo.

Nyumbani, weka stabilaiza, na umeme ukikatika chomoa plagi mpaka utulie. Konsoli ya Marekani au Japani ipitie transfoma ya kushusha. Adapta ya volti 120 kwenye 240 inaungua mara moja. Usifungue mgongo wa TV kamwe, tyubu hushika maelfu ya volti hata ikiwa imechomolewa. Mwisho ingia menyu, shusha ukali wa picha (sharpness) karibu na sifuri.

Nyaya za AV na za RGB ninauza. Ukiniandikia, taja konsoli, nchi ilikotoka, na unitumie picha ya matundu ya nyuma ya TV yako.