Bandama na mtoto mwenye selimundu

Habari za asubuhi, wazazi na ndugu zangu.

Nikiuliza kinga ya mwili inakaa wapi, wengi mtasema kwenye damu. Ni kweli, ila hayo ni majibu nusu. Seli nyeupe huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa. Baadhi yake huenda kukomaa kwenye thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari. Kazi yake haikueleweka mpaka 1961, mtafiti Jacques Miller alipoiondoa kwa vichanga vya panya huko London, wakashindwa kujikinga na maradhi. Mitoki mnaijua: ukipata kidonda mguuni, inavimba kinenani. Hayo nayapita mbio, maana leo nataka tukae na bandama.

Iko kushoto, chini ya mbavu. Ya mtu mzima ina gramu 150 hivi. Humo damu hupunguza mwendo, na seli nyekundu hulazimika kujipenyeza kwenye vitundu vyembamba kuliko zenyewe. Iliyochakaa hukwama, ikaliwa. Bakteria nao hunaswa humo humo. Wapo kama nyumokokasi, anayeleta nimonia na homa ya uti wa mgongo: ana utando unaoteleza, seli nyeupe hazipati pa kumshika mpaka kingamwili, yaani protini za kinga zilizomo kwenye damu, zimgande kwanza, na mtoto mdogo bado hana za kutosha. Bandama ndiyo tegemeo lake.

Sasa, selimundu ni ugonjwa wa kurithi unaozipinda seli nyekundu kama mundu, na seli hizo ni ngumu. Zinakwama kwenye vitundu vile, zinaziba, kipande cha bandama kinakosa damu na kufa. Kesho kingine. Wengi wakifika miaka 5 bandama imeshasinyaa. Ndiyo maana mtoto anayerukaruka, hana hata mafua, anapewa penisilini asubuhi na jioni. “Mbona mzima?” Nawaelewa mnaouliza, lakini dawa hiyo haitibu ugonjwa uliopo, inashika zamu ya bandama. Chanjo ya nyumokokasi nayo msiikose.

Kabla haijasinyaa, bandama inaweza kuvimba ghafla na kuzuia damu nyingi ndani yake. Midomo na viganja vinapauka, mtoto analegea. Kwa hiyo jifunzeni kuipapasa akiwa hajambo. Mlaze chali, mkunje magoti, anza usawa wa kitovu, pandisha vidole taratibu kuelekea mbavu za kushoto. Ukigusa ukingo mgumu ambao jana haukuwepo, ni hospitali saa hiyo hiyo. Akiwa na homa, vivyo hivyo, hata kama ni saa nane usiku.